Baada ya Matanga Kuondolewa: Namna ya Kumliwaza Mtoto Aliyefiwa

Katika miji na vijiji vya pwani yetu, msiba unapotokea hapana anayengoja kualikwa: majamvi hutandikwa barazani, wanawake hukusanya masufuria na kuni, wanaume huenda kuchimba kaburi, na rambirambi hupokewa na mzee mmoja aliyeaminiwa, hata mfiwa asibakiwe na shughuli ila kulia na kuliwazwa. Ada hii ni tunu, na ilindwe. Walakini taratibu zake ziliwekwa kwa ajili ya watu wazima. Mtoto aghalabu hupelekwa kwa jirani kabla jeneza halijatolewa, akaambiwa kwamba baba amesafiri, akarejeshwa siku ya tatu matanga yakisha kuondolewa, nyumba imefagiwa na jamaa wametawanyika. Na hapo ndipo msiba wake yeye unapoanza, saa ambayo sisi sote tumekwisha kwenda zetu. Kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya siku hizo zinazofuata.

Jambo la kwanza ni kumwambia kweli, mapema, kwa maneno machache, na amwambie mtu anayempenda. Shangazi amketishe karibu naye, amwambie: “Mwanangu, baba amefariki dunia. Mwili wake haufanyi kazi tena: hapumui, hasikii njaa wala baridi, wala haumwi. Hatarudi nyumbani.” Huenda mtoto akanyamaza, kisha akauliza, “Nani atanipeleka chuoni?” Swali hilo si ukavu wa moyo, ni mtoto anayetaka kujua kama maisha yake yangali na mwenye kuyashika, na jibu lake ni hili: “Ami yako atakupeleka, kesho asubuhi.” Akiisha kuelewa hayo, mwelezeni itikadi ya dini yenu juu ya rehema ya Mola na maisha ya akhera, ambayo ni faraja kubwa. Lakini msimwambie kuwa marehemu amelala, maana ataogopa kufumba macho usiku. Wala msimwambie kuwa amesafiri, maana mtoto aliyeambiwa hivyo hukaa kizingitini kila magharibi, amevipanga viatu vya baba yake mlangoni, na kila asikiapo hatua za mpita njia huinuka.

Fahamu ya mtoto hukua pamoja na umri wake. Aliye chini ya miaka 5 hajajua kuwa mauti hayana marejeo, hivyo atauliza jambo lile lile mara nyingi, naye ajibiwe kila mara bila kukemewa. Wa miaka 6 au 7 anaweza kudhani kuwa yeye ndiye sababu: mama alimgombeza asubuhi, naye akasema moyoni, laiti usingekuwapo, mama akaugua, akafa. Mzigo huo hausemi kwa mtu, na mlezi asipoutafuta hautaonekana. Kwa hiyo aambiwe waziwazi, hata kama hakuuliza, kwamba hakuna neno alilolisema wala wazo alilolifikiri lililoweza kumwua mama yake.

Wazee wengine huudhika wakimwona mtoto analia, kisha baada ya kitambo anacheza gololi na wenziwe, wakasema hana uchungu. Huko ni kumdhulumu. Mtoto hawezi kustahimili huzuni mfululizo. Huionja, huiacha, kisha huirudia. Wengine hukojoa kitandani ilhali walikwisha kuacha, huumwa tumbo bila maradhi yajulikanayo, humng’ang’ania mlezi, au huwa wagomvi shuleni, na yote hayo aghalabu hupungua polepole kwa upole, lakini huzidi kwa viboko. Tumbo likiendelea kuuma, apelekwe akapimwe.

Ulio mgumu zaidi, kwa rai yangu, ni uamuzi wa jamaa baada ya mazishi. Kikao cha ukoo huketi kugawa mali, kisha hugawa watoto: huyu kwa mjomba, yule kwa bibi, wa tatu mjini. Nawasihi wenye kauli katika vikao hivyo wasiwatenganishe ndugu ila kwa dharura, wawaulize watoto wenyewe, na wawaache katika shule yao ile ile. Maana aliyempoteza mzazi, akapoteza na ndugu, nyumba na mwalimu wake, amefiwa mara nne. Naye mjane akiwa katika eda ya miezi 4 na siku 10, majirani wana kazi iliyo wazi: kuwapeleka watoto shule, kuchota maji, na kuketi naye jioni, bila kumharakisha kunyamaza.

Mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, ulijifunza haya kwa mateso. Huko Nshamba, wilayani Muleba, mayatima walijiunga katika chama chao wenyewe, Vijana Simama Imara, wakatembeleana na kusaidiana. Nchini Uganda nako, mama wenye virusi vya Ukimwi waliwaandikia watoto wao vitabu vya kumbukumbu: jina ulipewa na nani, ukoo wako ni upi, ulipokuwa mdogo ulipenda nini. Kitabu kama hicho hata daftari la shule latosha, na mzazi akiwa ameshafariki, jamaa na marafiki zake wanaweza kukiandika pamoja na mtoto.

Zipo dalili zisizopasa kungojewa. Mtoto akisema anataka kumfuata marehemu, akijiumiza, au akikataa chakula, apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo, na asiachwe peke yake. Hali kadhalika, huzuni kali ikizidi miezi 6, ikapita kiasi cha ada za jamii yake, ikamzuia mtu mzima au mtoto asiweze kazi wala masomo, Shirika la Afya Duniani huihesabu kuwa maradhi yenye tiba. Na pale yatima anapopigwa, anaponyimwa shule au kudhulumiwa urithi wake, Tanzania na Kenya zote mbili zina simu ya huduma kwa mtoto, namba 116. Jirani yeyote anaweza kuipiga, na hahitaji idhini ya ukoo.