Kura za Kansas

Zamani, majimbo ya kusini ya Marekani yaliruhusu utumwa. Watumwa walilima pamba bila ujira. Mwaka 1860 walikuwa karibu milioni 4. Majimbo ya kaskazini yaliukataza utumwa.

Ugomvi ulikuwa juu ya maeneo mapya. Je, yawe na utumwa au yasiwe nao? Mwaka 1854 Bunge liliwaachia wakazi wa Kansas waamue kwa kura. Watumwa wenyewe hawakuulizwa.

Kura zilipigwa mwaka 1855. Wenye haki ya kupiga kura hawakufika 3,000. Lakini kura zilizidi 6,000! Maelfu ya watu kutoka Missouri, jimbo jirani lenye utumwa, walivuka mpaka na silaha. Walipiga kura, wakarudi kwao. Wapinga utumwa waliunda serikali yao. Watu wakauana.

Mwaka 1860 Abraham Lincoln alichaguliwa Rais. Alitaka utumwa usienee katika maeneo mapya. Majimbo ya kusini yakaanza kujitenga. Mwaka 1861 vita vikaanza. Mwaka 1865 vilikwisha, na utumwa ukafutwa nchi nzima.

Maswali
1. Kwa nini kura zilizidi wapiga kura?
2. Lincoln alitaka nini?
3. Kura za hila huleta hasara gani? Jadilianeni.