Mtazamaji kama Kigezo: Utangulizi wa Tanzu za Sanaa za Maonyesho Tanzania

Istilahi ya sanaa za maonyesho hukusanya pamoja mambo ambayo kwa sura hayafanani: ngoma, majigambo, utambaji wa ngano, matendo ya jando na unyago, vichekesho, ngonjera na tamthilia. Muhando na Balisidya (1976) waliyaunganisha kwa kutaja mambo manne ya msingi, yaani dhana inayotendeka, watendaji, uwanja wa kutendea na watazamaji. Fasili hiyo ilivunja mazoea ya kikoloni ya kuiona tamthilia ya jukwaa na pazia kuwa ndiyo sanaa ya maonyesho, na mengine yote kuwa ni mila tu. Hata hivyo, kati ya mambo hayo manne, la mwisho ndilo linalohitaji kuchunguzwa zaidi, kwani nafasi ya mtazamaji hubadilika kutoka utanzu mmoja hadi mwingine.

Katika utambaji, fanani asemapo "Paukwa" husubiri "Pakawa". Pasipo jibu hilo ngano haina ruhusa ya kuanza. Hadhira, kwa hiyo, ni mshiriki wa utendaji tangu neno la kwanza. Majigambo ya Wahaya yana uhusiano wa aina nyingine. Anayejigamba mbele ya mtawala haigizi mhusika. Anajitaja mwenyewe na ushujaa wake, na waliopo ni mashahidi watakaomdai ayatimize aliyoyatamka. Wanaodai kuwa pasipo uigizaji hapana sanaa ya maonyesho hawana budi kuuacha nje utanzu huu, jambo ambalo ni vigumu kulitetea.

Unyago unatatiza zaidi. Humo mna nyimbo, michezo ya kuigiza na mafumbo, lakini asiyehusika haruhusiwi kuingia. Mwali anayeonyeshwa mambo hayo ndiye pia anayetendewa: huingia mtoto na kutoka mtu mzima mbele ya jamii yake. Je, aitwe mtazamaji? Jina hilo halimtoshi.

Suala hili si la istilahi pekee. Sindimba ya Wamakonde ina uhusiano wa karibu na shughuli za jando na unyago. Baada ya Kikundi cha Taifa cha Ngoma kuundwa mwaka 1963, sindimba ilipanda jukwaani na kuwa maarufu nchi nzima. Mitindo ya kiuno ilibaki; mafunzo yaliyoandamana nayo hayakusafiri. Vivyo hivyo bugobogobo ya Wasukuma: shambani, ngoma huongoza mwendo wa majembe, na aliyepo hulima, jukwaani jembe hurushwa hewani na kudakwa, pasipo udongo. Ustadi huo haustahili kudharauliwa, na huenda hata umeongezeka. Ila utanzu umebadilika ilhali jina ni lile lile, na mtafiti anayerekodi onyesho la jukwaani kisha akaliita "ngoma ya jadi" anaeleza kitu kimoja kwa ushahidi wa kingine.

Kuhusu vichekesho, itoshe kusema kwamba vilikua katika mazingira ya shule za kikoloni. Ngonjera, ambazo Mathias Mnyampala alizipa umaarufu, zilipewa kazi ya kueleza siasa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Ni majibizano ya kishairi ambamo mshindi hujulikana kabla ya mashindano, na mtazamaji huachiwa kupiga makofi.

Tamthilia ya Kiswahili imejitahidi kurejea kwenye tanzu za awali. Lina Ubani (1984) ya Penina Muhando hutumia utambaji, na Ngoma ya Ng'wanamalundi (1988) ya Emmanuel Mbogo hujengwa juu ya ngoma na visasili. Wahakiki wengi wamezisifu kwa kuziingiza mbinu za jadi. Swali ambalo halijaulizwa vya kutosha ni iwapo mtu aliyeketi ukumbini, mbele ya mtambaji aliyeandikiwa maneno yake na pamoja na wahusika walioandikiwa majibu yao, bado ana lolote la kuitikia.