Darasa Lisilo na Ukuta: Mtoto, Pwani na Afya Yake

Wazazi wengi siku hizi hupima elimu ya mtoto kwa wingi wa madaftari na saa anazokaa darasani. Akitoka shule huenda masomo ya ziada, na jioni hukaa ndani akichezea simu ya baba. Akionekana ufukweni anachimba mchanga, husemwa kuwa anapoteza muda. Mwezi huu tunapenda kulitazama jambo hilo kwa upande wa afya, kwa sababu sisi wa Kilwa, Lindi na vijiji vya pwani tunalo darasa kubwa lisilo na ukuta, nalo tunalitumia kidogo sana.

Tuanze na macho. Mtoto anayekaa muda mrefu akitazama vitu vya karibu, tena ndani ya chumba, jicho lake huweza kurefuka kupita kiasi. Hapo vitu vya mbali huanza kuonekana kwa ukungu, na maandishi ya ubaoni hayasomeki. Mwanga wa mchana husaidia kuzuia hali hiyo. Katika mji wa Guangzhou, nchini China, zilichukuliwa shule 12, na watoto wa darasa la kwanza katika nusu ya shule hizo wakaongezewa kipindi cha dakika 40 nje kila siku ya masomo. Matokeo yalitangazwa mwaka 2015. Baada ya miaka 3, kati ya watoto 100 waliotolewa nje, 30 hivi walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali; kati ya 100 wa shule nyingine walikuwa karibu 40. Hawakupewa dawa wala miwani, walitolewa nje tu.

Jua pia huuwezesha mwili kutengeneza vitamini D inayoimarisha mifupa. Kwa mtoto mwenye ualbino mambo ni tofauti: jua humchoma ngozi na kumletea hatari ya saratani. Avae kofia pana na nguo za mikono mirefu, na somo lifanyike chini ya mwembe wenye kivuli kizito. Asiachwe darasani peke yake wenzake wanapotoka.

Je, huko nje atajifunza nini? Mpeleke kwenye mikoko maji yakiwa yamekupwa. Mwambie aguse ulimi kwenye jani la mchu: ataonja chumvi, maana mti huo hunywa maji ya bahari na kuitoa chumvi kupitia majani. Aangalie mizizi yake iliyosimama juu ya tope kama vidole; ndiyo inayopumua, kwa kuwa ndani ya tope hakuna hewa ya kutosha. Kisha atazame mbegu za mkoko zinavyoota zikiwa bado mtini, ndipo zianguke. Mtoto aliyeyaona hayo hatahitaji kukariri maana ya kiumbe kuzoea mazingira yake.

Au mpe daftari aandike kwa mwezi mmoja saa ya maji kujaa, na kando yake achore umbo la mwezi. Ataona kuwa kila siku maji huchelewa kwa dakika 50 hivi, na kwamba bamvua huja mwezi ukiandama na ukiwa mpevu. Hapo amesoma hesabu, sayansi na jiografia kwa pamoja. Zaidi ya hayo, amejua ni wakati gani hatakiwi kuwa kwenye fungu la mchanga mbali na nchi kavu, na elimu hiyo huokoa maisha. Wavuvi wetu wazee wanayajua haya kuliko vitabu vingi, na sijui kwa nini shule haziwaiti kufundisha. Tuseme ukweli, wengi wangekuja bila kudai malipo.

Historia nayo iko miguuni petu. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na mtoto anaweza kuyagusa mawe ya matumbawe na chokaa yaliyojenga Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa. Huko Tendaguru, kaskazini magharibi ya mji wa Lindi, Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria kati ya mwaka 1909 na 1913, na mifupa hiyo iko Berlin hadi leo. Wapo watoto wetu wanaowajua wanyama hao kwa katuni za televisheni, na hawajui kama walilala katika ardhi ya mkoa wao.

Fikra hii si ngeni. Maria Montessori, daktari Mkatoliki wa Italia, alifungua nyumba ya watoto wa maskini mjini Roma mwaka 1907, akafundisha kwamba mtoto hujifunza kwa mikono yake. Mwalimu Nyerere naye, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alitaka kila shule iwe na shamba au karakana. Kwa bahati mbaya, mahali pengi shamba la shule liligeuka adhabu ya wachelewaji, na mtoto akatoka na chuki ya jembe. Kumlimisha mtoto saa tatu juani bila kumweleza kitu si somo. Kumtuma kuokota pweza siku ya shule ili auze pia si somo.

Sasa tufike kwenye hofu ya wazazi, ambayo ina sababu. Hatari kubwa katika mkoa wetu ni ile isiyoonekana: kichocho. Mwenye ugonjwa akikojoa katika bwawa, mto wa maji yanayokwenda polepole au mfereji wa mpunga, mayai huanguliwa na vijidudu huingia ndani ya konokono wa majini. Baadaye hutoka, hasa jua linapokuwa kali, na kupenya ngozi ya anayeoga au kufua kwa dakika chache tu. Maji ya bahari hayana kichocho. Basi mzazi anayemkataza mwanawe kwenda pwani huku akimruhusu kuoga bwawani amekosea njia.

Dalili ni damu katika mkojo, hasa mwishoni mwa kukojoa, na maumivu. Wapo wanaoamini kuwa damu hiyo kwa mvulana ni ishara ya kukua. Si kweli. Ugonjwa ukiachwa huharibu kibofu na figo, na miaka mingi baadaye unaweza kuleta saratani ya kibofu. Kwa msichana hudhuru njia ya uzazi, akatokwa na damu au uchafu na kusikia maumivu, hata akashindwa kupata mimba baadaye. Mama akiona hivyo humdhania zinaa, na binti hupigwa kwa kosa ambalo hakulifanya. Akina mama, kabla ya kumshutumu mtoto, mpelekeni zahanati apimwe, na mweleze daktari kama huoga au kufua bwawani. Dawa ipo, hupimwa kwa uzito au urefu wa mtoto, naye hula kwanza ndipo anywe. Lakini aliyepona akirudi kwenye maji yale yale huambukizwa tena. Maji ya bwawa yakitekwa na kukaa ndomoni siku mbili, bila konokono ndani, vijidudu hivyo hufa.

Kwa safari ya pwani au shambani, mtoto avae viatu. Kwenye udongo wenye kinyesi minyoo ya safura huingia kwa nyayo, na kwenye miamba yuko samaki anayefanana kabisa na jiwe, mwenye miiba ya sumu mgongoni. Akichomwa, mguu utumbukizwe katika maji ya moto yanayovumilika, mkubwa akiyajaribu kwanza kwa mkono wake, ukae humo nusu saa au zaidi mpaka maumivu yapungue, kisha apelekwe hospitali.