Kabla Hujanunua Programu ya Kupanga Uzalishaji, Pima Rafu Zako

Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kwenye uwanda wa Ruzizi kaskazini mwa mji wa Uvira, kilianza kusaga miwa miaka ya 1950 na kikasimama mwaka 1996 vita vilipofika. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari ndani ya siku moja au mbili. Kwa sababu hiyo kiwanda cha aina ile hakiwezi kuwaachia wakataji wakate wapendavyo: kwanza huhesabiwa tani ambazo mitambo itasaga leo, ndipo shamba lipewe amri. Uwezo wa mtambo hutangulia, kazi nyingine zinaufuata. Kompyuta haikuibadilisha kanuni hiyo, na mwenye karakana ya sabuni, kinu cha mpunga au meza za kuanikia ndagala anapaswa kuishika kabla hajatoa hata dola moja kwa muuzaji wa programu.

Programu hizi hufanya hesabu mbili. Ya kwanza ni ya mali ghafi. Oda ikiingia, programu husoma orodha ya viungo vya bidhaa, hutazama kilichomo depo, kisha hukuambia ununue nini na lini. Mmarekani Joseph Orlicky ndiye aliyeijenga hesabu hiyo kwa ajili ya kompyuta za viwandani mwaka 1964. Ya pili ni ya muda: mashine ipi ifanye kazi ipi, saa ngapi, na oda gani itangulie. Programu nyingi zinaiweza ya kwanza vizuri, lakini katika ya pili huichukulia mashine kana kwamba haina kikomo. Hapo ndipo wenye karakana ndogo huumia.

Chukua sabuni ya mawese inayotengenezwa bila kupikwa. Kilo 100 za mafuta zinataka takriban kilo 14 za kostiki, na hilo programu yoyote italikokotoa. Lakini sabuni hiyo ikishakatwa lazima ikae kwenye rafu wiki 4 hivi ili ikauke na kukomaa. Tuseme mafundi wako wanaweza kumimina vipande 400 kwa siku, siku 6 kwa wiki. Kwenye karatasi, hivyo ni vipande 2,400 kila wiki. Rafu zako, hata hivyo, zinabeba vipande 1,200 tu, na kila kipande kinakaa humo wiki 4. Gawanya 1,200 kwa 4: karakana yako inatoa vipande 300 kwa wiki, basi. Ukinunua sufuria kubwa zaidi hutaongeza hata kipande kimoja. Ukiongeza rafu utaongeza. Kwa kinu cha mpunga kikwazo mara nyingi ni uwanja wa kuanikia, kwa sababu mpunga hutoka shambani na unyevu unaozidi asilimia 20 na haukobolewi vizuri mpaka ushuke kufikia 14 hivi.

Ukishakijua kikwazo, panga kwa kurudi nyuma. Mteja anataka sabuni tarehe 1 Desemba, basi iwe imemiminwa na kukatwa ifikapo tarehe 3 Novemba, na kostiki iwe depo mwishoni mwa Oktoba. Kama kostiki hiyo inavuka mpaka kutoka Bujumbura au inashushwa bandarini Kalundu hapa Uvira, ongeza siku za akiba, na siku hizo uzitoe kwenye daftari lako la safari zilizopita, wala usikubali namba iliyowekwa na programu. Sisi tunajua mpaka hufungwa. Tunajua pia mafuriko ya Aprili 2020, mto Mulongwe ulipofurika na kubomoa nyumba mjini. Mpango usio na akiba ya masika haufai mji huu.

Kalenda nayo irekebishwe kwa mkono. Programu huja na wiki ya Jumatatu hadi Ijumaa, saa 8 kwa siku, kana kwamba kila kazi duniani inakwenda hivyo. Ndagala huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mpevu mavuno hupungua kwa sababu samaki hawaifuati taa. Anayekausha ndagala ana siku za mzigo mkubwa na siku za meza tupu kila mwezi, na tarehe za mbalamwezi za mwaka mzima zinajulikana mapema. Ziingize zote. Weka hapo pia saa ambazo umeme hupatikana kweli mtaani kwenu.

Kuhusu chombo chenyewe, ushauri wangu ni kuanza na jedwali la kawaida. LibreOffice Calc ni ya bure kwenye kompyuta, na Google Sheets hufanya kazi kwenye simu bila mtandao ukiiandaa mapema. Fungua kurasa 4: viungo, mali iliyomo depo, uwezo wa kila kituo cha kazi, na oda pamoja na tarehe zake. Zijaze kila jioni kwa miezi miwili au mitatu. Karakana nyingi za watu watano au sita hazitahitaji zaidi ya hapo.

Bidhaa zikiwa nyingi na watu kadhaa wakianza kufutiana maandishi, tazama ERPNext au Odoo. Zote mbili zina Kifaransa, na zinaweza kuwekwa kwenye kompyuta moja ya ofisi ili wengine waifikie kwa wayfay ya ndani, hata intaneti ikikatika. ERPNext ni huria, na ina oda za kazi na hesabu ya uwezo wa vituo. Odoo ina toleo la bure lenye sehemu ya utengenezaji, lakini mpango mkuu wa uzalishaji uko kwenye toleo la kulipia. FrePPLe, ambayo nayo ina toleo huria, ndiyo inayoheshimu kikomo cha mashine kuliko hizo mbili, ila inataka mtu aliyezoea kompyuta. Chochote utakachochagua, nakili data yako kwenye flashi kila wiki na uihifadhi nyumba nyingine.

Muuzaji akija, usimwache aonyeshe mfano wake wa kiwanda cha mbali. Mpe daftari lako la mwezi uliopita, na umwambie apange oda zako hapo hapo mbele yako. Programu ikikubali vipande 2,400 kwa wiki wakati rafu zako zinatoa 300, usinunue.