Chokaa na Changarawe kwa Kuku Wanaokua: Lini Vitolewe na kwa Kiasi Gani

Katika kaya nyingi zinazofuga kuku kandokando ya Ziwa Victoria, mfuko mmoja wa chakula hulisha banda zima. Vifaranga, kuku wanaokua na mitetea hula kwenye kilishio kimoja, na mara nyingi chakula hicho ni cha kutagia, kwa kuwa mayai ndiyo yanayorudisha fedha nyumbani. Desturi hii huonekana kuwa ya kubana matumizi, lakini inaweza kumgharimu mfugaji kundi zima kabla halijataga yai la kwanza.

Chokaa huhitajika lini

Madini ya chokaa, yaani kalsiamu, hujenga mifupa ya kifaranga na ganda la yai la mtetea. Mahitaji ya hao wawili hayalingani hata kidogo. Chakula cha kuku anayekua kinapaswa kuwa na kalsiamu ya takribani asilimia 1. Chakula cha kuku anayetaga huhitaji asilimia 3.5 hadi 4, kwa sababu kila ganda la yai huchukua karibu gramu 2 za kalsiamu kutoka mwilini mwake.

Kifaranga anayelishwa chakula cha kutagia hupata kalsiamu mara tatu au nne ya anayohitaji. Ziada hiyo hulazimika kutolewa na figo, nazo zikielemewa huharibika. Kuku hudumaa, hunywa maji mengi, hutoa kinyesi chenye majimaji meupe, na wengine hufa ghafla. Wakati mwingine madhara hujificha hadi kuku wanapoanza kutaga, na mfugaji hudhani ni mdondo. Kwa hiyo vifo vya namna hii vitolewe taarifa kwa Afisa Mifugo, ili chanzo kibainishwe kwa uchunguzi, si kwa kukisia.

Upungufu nao una madhara. Kifaranga aliyekosa kalsiamu, fosforasi au vitamini D hupata matege na miguu laini. Wanaofungiwa kwenye mabanda yenye giza wako hatarini zaidi, kwani mwanga wa jua huusaidia mwili kutengeneza vitamini D.

Muda wa kuongeza chokaa ni wiki mbili kabla ya kutaga, mwili unapoanza kuweka akiba ya kalsiamu ndani ya mifupa. Kuku wa kisasa wa mayai huanza kutaga wakiwa na wiki 18 hadi 20. Kuku wa kienyeji huchelewa zaidi. Kwa hiyo umri pekee hautoshi. Mfugaji atazame kilemba: kikianza kukua na kuwa chekundu, na kuku akianza kuchuchumaa anapoguswa mgongoni, wakati umefika.

Hesabu ya kuchanganya

Chokaa ya mifugo ina kalsiamu ya takribani asilimia 38. Maana yake, kila kilo 1 inayowekwa katika kilo 100 za chakula huongeza kalsiamu ya asilimia 0.38. Kwa kuku wanaokua, kilo 1 hadi 2 hutosha, hasa mchanganyiko ukiwa na dagaa, ambao mifupa yao ina kalsiamu na fosforasi. Kwa wanaotaga, kilo 9 hadi 10 huhitajika. Dagaa walioanikwa mchangani wapepetwe kwanza, la sivyo mnunuzi hulipia mchanga kwa bei ya samaki.

Chokaa ya kujengea au kupaka kuta isitumike kamwe, kwani huunguza. Magamba ya konokono wa ziwani yanafaa yakioshwa, yakakaushwa na kupondwa. Yaokotwe yale makavu yaliyo ufukweni. Kuingia majini kuwatafuta konokono hai ni kujiweka katika hatari ya kichocho. Maganda ya mayai yachemshwe, yakaushwe na kusagwa, ili kuku wasijifunze kula mayai yao.

Changarawe si chokaa

Kuku hana meno. Punje na majani husagwa ndani ya firigisi kwa msaada wa mawe madogo magumu. Chokaa na magamba huyeyuka tumboni, hivyo haviwezi kufanya kazi ya changarawe.

Kifaranga anayekula chakula kilichosagwa pekee hana haja ya changarawe. Akianza kupewa punje za mahindi yaliyovunjwa, mtama au majani, apewe kidogo kidogo, yenye ukubwa wa milimita 1 hadi 2. Kuku mkubwa hutumia ya milimita 3 hadi 5. Anayezurura nje hujiokotea mwenyewe. Anayefungiwa ndani ndiye wa kuwekewa. Mwanza imejaa mawe ya granaiti, na chenga zake ngumu, zikichekechwa kuondoa vumbi na kuoshwa, ni changarawe bora isiyo na gharama.

Banda likiwa moja

Mfugaji asiye na uwezo wa kutenganisha kuku wake wa rika mbalimbali bado ana njia salama. Awape wote chakula cha kukuzia, kisha aweke magamba yaliyopondwa katika chombo cha peke yake, kilichoinuliwa juu kiasi cha vifaranga kutokifikia. Mtetea huyafuata kadiri mwili wake unavyodai, hasa alasiri, kwa kuwa ganda hutengenezwa zaidi usiku. Maji safi yawepo wakati wote, kwani figo hazifanyi kazi bila maji.

Kabla ya kununua mfuko unaofuata, mfugaji asome maandishi yake: chakula ni cha nani, na cha umri gani. Asiyekuwa na hakika amwone Afisa Mifugo wa kata yake.