Mnyonya Damu Afika Kigera: Namna ya Kuandika Hadithi ya Kuchekesha Yenye Shujaa Mvuja Jasho

Katika riwaya ya Dracula ya Bram Stoker, iliyotoka mwaka 1897, wanaume wanaomwinda mnyonya damu ni profesa, daktari, wakili, bwana mwenye cheo cha kurithi na tajiri wa Kimarekani. Ni watu wa kusoma na wa fedha. Lakini inapofika kutafuta yale masanduku ya udongo ambamo Dracula hulala mchana, wote hawajui mengi yamehamishiwa wapi. Wanaojua ni wachukuzi wa London walioyabeba mgongoni. Wakili anawafuata mmoja mmoja, anawapa chochote, nao wanamtajia nyumba hadi nyumba. Wakishasema, kitabu kinawaacha wala hakiwarudii.

Hadithi ninayokuelekeza hapa inaanza na watu wa aina hiyo. Wewe uliye Musoma, Bunda au Butiama una kila kinachohitajika kuiandika, na mfano nitakaoutumia ni wa Kigera, Musoma.

Hatua ya kwanza: chagua kazi kabla hujachagua mtu

Waandishi wengi huanza na jina la shujaa, sura yake na tabia yake, kisha kazi wanambandika baadaye. Geuza. Mvuja jasho anajulikana kwa kazi yake, na katika hadithi hii kazi ndiyo silaha. Kwa hiyo jiulize ni nani katika mtaa wako ambaye shughuli zake za kila siku tayari zinajua udhaifu wa mnyonya damu, bila yeye mwenyewe kujua kwamba anajua.

Mnyonya damu wa vitabuni na sinema anaogopa jua. Basi mtafute mtu anayelijua jua kuliko mwingine yeyote, na ukanda wa ziwa unaye: mwanamke anayeanika dagaa. Tumwite Mama Mafuru. Anakaa Kigera, umri miaka 52, ana deni, ana magoti yanayouma. Anaamka usiku na kwenda mwaloni, yaani ufukwe wa wavuvi, kusubiri mitumbwi. Mitumbwi ikitia nanga alfajiri, anagombea ndoo zake, anazimwaga, anatandaza, na kuanzia hapo macho yake yako juu. Wingu likisogea kutoka ziwani anaanza kuhesabu. Jua likiwaka vizuri, dagaa wanakauka siku ileile. Mvua ikiwakuta, wanaoza au wanaishia kuwa chakula cha kuku, na bei inaanguka. Anajua kuwa dagaa wa kwenye chanja wana bei nzuri kuliko wa mchangani, kwa sababu mlaji hataki kutafuna mchanga. Anajua mbalamwezi pia. Dagaa huvuliwa kwa taa, zamani karabai na sasa taa za sola na betri, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti samaki, hivyo wavuvi hupumzika na mwalo hulala njaa.

Mtu wa namna hii hahitaji profesa wa kumweleza kuhusu mwanga. Ukimweka mnyonya damu mbele yake, atamwona kama anavyoona dagaa mbichi: kitu kinachosubiri jua.

Kama dagaa huwajui, usiwaandike. Chukua kazi unayoijua: kondakta wa basi la Mwanza, fundi baiskeli wa Nyasho, mpiga debe wa stendi ya Bweri. Lakini nenda ukakae naye kazini kabla ya kuandika mstari wa kwanza, usikilize anavyoviita vifaa vyake na anavyomjibu mteja mkaidi. Kicheko kitatoka humo. Anayemchekesha msomaji kwa kumfanya maskini aonekane mjinga anatumia mbinu chakavu, na msomaji wa Musoma ataijua mara moja, kwa sababu huyo anayechekwa ni mama yake.

Hatua ya pili: ujue uvumi wa kwetu, na uogope

Hapa nakuomba usome polepole. Ulaya siku hizi mnyonya damu ni mambo ya vitabu na sinema. Kwetu amewahi kuwa habari ya kweli kwa wanaoiamini. Pwani watu waliongea juu ya mumiani. Kenya na Uganda wakati wa ukoloni waliongea juu ya wazimamoto, wakidai magari mekundu ya zimamoto hubeba watu wanaokwenda kukamuliwa damu. Mwanahistoria Luise White alikusanya masimulizi hayo na kuyachapa katika kitabu mwaka 2000. Ukiyasikiliza vizuri, mengi yanahusu kazi: nani kaajiriwa, nani kavaa sare, nani analipwa kwa kazi isiyoelezeka.

Uvumi huo unaua. Mwezi Oktoba 2016, katika kijiji cha Iringa Mvumi wilayani Chamwino, Dodoma, watafiti wawili wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, pamoja na dereva wao, waliuawa na umati uliowadhania kuwa wanyonya damu. Walikuwa wamekwenda kwa kazi ya utafiti wa udongo. Mwaka uliofuata, kusini mwa Malawi, uvumi wa aina hiyohiyo ulisababisha vifo mikononi mwa umati, na Umoja wa Mataifa ukawaondoa wafanyakazi wake katika baadhi ya maeneo.

Kwa hiyo kuna mipaka ambayo mimi siivuki, na nakusihi usiivuke. Mnyonya damu wako asiwe mtafiti, wala muuguzi, wala mtu wa chanjo, wala mkusanyaji wa damu salama. Asije na gari geni lisilo na maelezo. Asiwe bibi kizee mwenye macho mekundu. Kanda ya ziwa tumezika vikongwe wengi waliouawa kwa kuwa macho hayo yalidhaniwa kuwa ya uchawi. Kijiji chako cha hadithini kisimwue mtu kwa mawe, hata kwa mzaha. Na asifanane na jirani wa mtu yeyote: mvalishe joho jeusi lenye kola ndefu, mpe jeneza, mpe nywele zilizopakwa mafuta, ili msomaji ajue kutoka mstari wa kwanza kwamba huyu katoka kwenye rafu ya vitabu.

Hatua ya tatu: mpe naye kazi

Mnyonya damu anayezurura tu usiku anachosha. Mpe ofisi. Na nchi yetu imekwisha kukuandalia ofisi hiyo: mikopo ya kausha damu. Hakuna mama wa mwaloni asiyeijua. Unachukua fedha kidogo leo, unarejesha kila siku au kila wiki, riba inapanda, na ukichelewa wanakuja kuchukua godoro. Jina hilo wananchi wamelitunga wenyewe, na limeshakufanyia nusu ya kazi.

Na mnyonyaji wa namna hii ana ukoo kwetu. Baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, mnyonyaji alitajwa kwenye hotuba na kuchorwa magazetini: kupe, mrija, kitambi. Msomaji mwenye umri mkubwa atazikumbuka picha hizo bila wewe kumkumbusha. Basi mnyonya damu wetu, tumwite Bwana Viktor, mwenye miaka mia nne, anafungua chumba cha mikopo kinachofanya kazi jioni tu, na wateja wake ni waanika dagaa. Hang'ati mtu, anasainisha. Umri wake wote kajifunza kwamba karatasi ni salama kuliko shingo.

Na hapo shujaa anapata silaha nyingine isiyo na damu. Tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, biashara ya kukopesha inahitaji leseni. Msalaba anaweza kuukwepa, kitunguu saumu anaweza kukizoea, lakini mwache asimame mbele ya Mama Mafuru anayeuliza, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, leseni iko wapi.

Hatua ya nne: zichukue sheria za mnyonya damu uzilete Kigera, moja moja

Hii ndiyo hatua yenye chakula kingi, usiiharakishe. Andika upande mmoja sheria za vitabuni, upande wa pili andika maisha ya hapa, kisha tazama zinavyogongana.

Anza na usiku. Desemba London usiku unakaribia saa 16, na mji umelala. Musoma iko karibu digrii moja na nusu kusini mwa Ikweta: usiku ni saa 12 mwaka mzima. Na usiku wa giza, ambao Bwana Viktor anautegemea, ndio usiku wa kazi. Ziwa limejaa taa, mwaloni kuna watu, chai, ugomvi na redio. Anatafuta shingo iliyolala, hakuna. Anasubiri mbalamwezi ndipo mwalo utulie, lakini siku hizo hakuna mapato, na yeye anadai marejesho kwa watu wasio na shilingi.

Kisha saa. Anamwuliza mwenye nyumba jua linachomoza saa ngapi. Anaambiwa, kumi na mbili na nusu, wakati mwingine moja kasoro. Anatazama saa yake ya mfukoni iliyotengenezwa Ulaya, anafurahi: ana muda mpaka adhuhuri. Usimfafanulie msomaji. Mwache Bwana Viktor ajimwagie manukato na kutoka kutembea.

Kisha hodi. Mnyonya damu haruhusiwi kuingia nyumbani bila kukaribishwa. Stoker alidhani hicho ni kizuizi. Hapa mtu anakaribishwa kabla hajafika, anakaribishwa chakula na watu asiowajua. Andika mazungumzo, yawe mafupi:

«Hodi hapa.»

«Karibu.»

«Je, nimekaribishwa kuingia ndani?»

«Si nimeshasema karibu? Au unataka nikuandikie barua ya mwaliko?»

Sasa ongeza salamu, na hapa ndipo hadithi inapokuwa ya kwetu kabisa. Ana sura ya kijana wa miaka 25. Mama Mafuru amekaa kwenye kigoda, anasubiri shikamoo yake. Haiji.

«Kijana, kwenu hamsalimii wakubwa?»

«Mimi, mama, nina miaka mia nne.»

Anamtazama kuanzia viatu hadi kola. «Basi shikamoo babu. Karibu. Rejesho la wiki hii sina.»

Tazama kilichotokea. Kwa salamu moja amemfanya babu, na babu na wajukuu wana utani. Kesho yake wanawake wote wa mwaloni wanamwita babu, wanamwomba hela ya sabuni, wanamwambia amezeeka vibaya. Atawadai vipi? Sheria ya kutisha imevunjwa kwa adabu, wala hakuna aliyemtukana.

Kuna sheria nyingine ndogo ambazo unaweza kuzipitia haraka. Dracula huvuka maji yanayotembea wakati maji yanapojaa au yakitulia tu, na ziwa halina maji kujaa wala kupwa kama baharini. Ukimpandisha mtumbwi wa kwenda kisiwa cha Rukuba umepata sura nzima. Sanduku la udongo litamletea kesi na kondakta anayetoza mizigo. Kitunguu saumu kiko kwenye kila sufuria. Kioo kisichomwonesha kiko saluni, na kinyozi anataka kujua anyoe wapi.

Hatua ya tano: mwisho

Usimwue kwa kumpigilia mti moyoni. Kwa sababu niliyokwisha kueleza sitaki umati, wala moto, wala mapanga. Na tayari tuna njia: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.

Bwana Viktor amekaribishwa, amekula, ameitwa babu. Siku mbili ameheshimiwa. Siku ya tatu, saa kumi na moja alfajiri, Mama Mafuru anagonga mlango wake akiwa na karai. Mitumbwi imeleta dagaa wengi, mikono haitoshi, na mtu wa nyumbani hakai ndani wenzake wakiwa kazini. Kukataa hawezi, maana ndiye aliyeomba kukaribishwa. Anainama, anatandaza dagaa, kwa mara ya kwanza katika miaka mia nne anafanya kazi ya mikono. Anaikosea. Wanamrekebisha. Mama Mafuru anatazama mashariki. Anajua ni dakika ngapi zimebaki, kwa kuwa ndiyo kazi yake.

Hapo kuna njia mbili na zote ni nzuri. Anaweza kumwacha jua limkute. Au anaweza kumfunika kwa turubai la dagaa dakika ya mwisho, na kumwambia bei ya kufunikwa ni daftari la madeni. Mimi napenda ya pili. Inauweka uamuzi mikononi mwa mwanamke ambaye hakuna aliyewahi kumwuliza lolote, na daftari linapochomwa kwenye jiko la chai, wanawake wanaoshuhudia ni wale waliosainishwa.

Hatua ya sita: jaribu

Maneno kati ya 3,000 na 4,000 yanatosha. Andika kwa Kiswahili kinachozungumzwa Musoma, chenye Kijita na Kikwaya kidogo pale ambapo mhusika angekitumia kweli, si kwa mapambo. Ukimaliza, usianze na rafiki yako mwalimu. Nenda mwaloni mchana, wakati dagaa wametandazwa na akina mama wamekaa kivulini, uwasomee kwa sauti. Wakicheka palipo na utani, vizuri. Wakikukatiza kukwambia dagaa hawageuzwi hivyo, acha kusoma, toa kalamu, andika wanavyogeuzwa. Rekebisha kazi kwanza. Utani utajirekebisha wenyewe.