KUACHA SIGARA: MUME NA MKE WASAIDIANE

Bismillahi Rahmani Rahim. Sifa njema zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.). Ama baad.

Ndugu Waislamu wa Kasuku, wanavyuoni wa zamani walikhitilafiana juu ya tumbaku, kwa kuwa haikujulikana katika zama za Mtume (s.a.w.). Leo madhara yake yamebainika, na wengi wanaiharimisha. Somo hili ni kwa yule aliyekwisha nuia kuacha, na kwa yule anayeishi naye nyumba moja.

Katika Suratul Baqara, aya ya 187, Allah amewafananisha mume na mke na vazi, kila mmoja kwa mwenziwe. Vazi husitiri aibu na hukinga baridi.

KWANZA: Fahamu hali yake. Sigara ina nikotini, nayo huufunga mwili. Mtu akiacha, siku za kwanza ndizo nzito: hasira, kukosa usingizi, moyo kutotulia. Kwa wengi hupungua katika wiki 2 mpaka 4. Bibi akijua hivyo hatasema, "Bwana huyu amenichukia." Magomvi ya ukoo yatangoja kidogo. Lakini mume naye asikie: nikotini haimhalalishii kumtukana bibi wala kumnyoshea mkono.

PILI: Chunga ulimi. Mwaka 1990 wataalamu wawili wa Marekani, Cohen na Lichtenstein, walitoa utafiti juu ya wanaoacha sigara na wenzi wao. Waliopata nyumbani msaada mwingi kuliko lawama ndio waliodumu zaidi bila kuvuta. Kunusa shati lake kila jioni, kumwambia "Wewe hutaweza," kuwasimulia majirani kuwa ameanguka tena: huko ni kumvua nguo, si kumvika. Heri kusema, "Leo siku ya nne, baba watoto, alhamdulillah."

TATU: Muache pamoja. Mwaka 2015 watafiti wa University College London walitoa habari za wenye ndoa wa Uingereza, wa miaka 50 na zaidi. Katika wanawake waliovuta, ambao waume zao waliacha pamoja nao, 50 kwa 100 waliacha. Ambao waume zao waliendelea kuvuta, 8 tu kwa 100. Mume anayemkataza bibi huku mwenyewe anawasha kiberiti, anajenga na kubomoa. Na asiyevuta asikae pembeni: wafunge pamoja Jumatatu na Alhamisi, na wakati wa kufuturu akae naye, maana hapo ndipo sigara huita.

NNE: Msiape kwa talaka. Wako wanaosema, "Nikivuta tena, bibi yangu ameachika." Wanavyuoni wengi wanaihesabu talaka hiyo sharti likitimia. Utavunjaje nyumba na kutawanya watoto kwa sigara moja inayouzwa kando ya njia? Bibi naye asimlazimishe mumewe kuapa hivyo.

TANO: Akiteleza, asikatiwe tamaa. Suratuz Zumar, aya ya 53, inatukataza kukata tamaa na rehema ya Allah. Aulizwe kwa upole: ilikuwa saa ngapi, na ulikuwa na nani? Kesho apite njia nyingine, aanze tena.

Ee Mola, wape nguvu wanaoacha, na subira wanaoishi nao. Amin.

Wabillahi tawfiq.